Kupunguza Sare za Kaki kwa Skauti Wadogo: Anzia Begani

Jumamosi moja ya mwezi wa Machi yaliletwa marobota mawili kwenye uwanja wa skuli ambapo kundi letu la skauti hukutana, hapa Tanga, na ndani yake mlikuwamo mashati na suruali za kaki zilizosazwa na kampuni moja ya ulinzi iliyobadilisha sare zake: nguo nzima, za marudufu ya pamba, zilizoshonwa kwa mtindo wa kiaskari, zenye mifuko miwili kifuani na vikanda vya mabegani, vifungo vyake vyote viko mahali pake, walakini hapana hata moja iliyokatwa kwa ajili ya mtu aliye chini ya miaka 18. Watoto wetu ni wa miaka 9 hata 14. Walizipokea kwa furaha kubwa, wakazivaa palepale juu ya nguo zao, nami nilipowapanga safu na kuwaamrisha watoe saluti, sikuviona vidole vitatu vya skauti kwa mtoto hata mmoja, maana mikono ya mashati ilikuwa imevipita vidole kwa kiasi cha shubiri nzima.

Jumamosi ya pili yake watoto watano hawakuja. Nilipokwenda kwa mmoja wao, huko Ngamiani, mama yake alinipokea kwa heshima, akanikaribisha kitako, kisha akaniambia, "Mwalimu, usimlaumu mwanangu. Amechekwa njia nzima. Wamemwita gunia."

Neno lile lilinichoma. Katika lugha yetu sare maana yake ni kulingana. Watu wakivaa sare huwa wamekuwa sawa, tajiri na maskini, mtoto wa liwali na mtoto wa mvuvi, na timu mbili zikifungana bao moja kwa moja husemwa zimetoka sare. Vazi linalomtenga mtoto na wenziwe na kumfanya kichekesho cha njiani haliwezi kuitwa sare, hata likiwa na rangi ile ile na nembo ile ile. Tangu siku hiyo nimejifunza kazi ya kupunguza nguo hizi, kwanza kwa kuharibu, kisha kwa kufundishwa na mafundi wanaojua kuliko mimi, na haya nayaandika kwa ajili ya viongozi wa makundi, wazazi wenye cherehani nyumbani, na vijana mafundi wanaoletewa kazi hii wakaidhania kuwa ni nyepesi.

Kabla ya mkasi, nitatoa tahadhari moja. Nguo ya skauti na nguo ya askari ni za ukoo mmoja. Kaki ni neno lililotoka katika Kiajemi, maana yake ni ya vumbi, likapita katika lugha za Bara Hindi ambako jeshi la Waingereza lilianza kuivaa rangi hiyo katikati ya karne ya 19. Na Baden-Powell, aliyeweka kambi yake ya kwanza ya wavulana katika kisiwa cha Brownsea mwaka 1907 na ambaye kaburi lake liko Nyeri, Kenya, alikofariki mwaka 1941, aliwavika skauti wake mavazi yaliyofanana sana na yale ya kikosi cha polisi alichokiunda Afrika Kusini kuanzia mwaka 1900. Kwa sababu ya udugu huo, sharti uangalie sana ni nguo gani unayoipokea. Sheria za Tanzania, Kenya na Uganda zinamkataza raia kuvaa sare ya majeshi au vazi linalofanana nayo, na nguo ya mabakamabaka, hata ikiletwa bure na hata ikawa mpya, isiguswe wala isipunguzwe, wala usijidanganye kwamba ukiikata ikawa kaptura itakuwa imebadilika jina. Kaki tupu ndiyo ya kupokea; na hiyo nayo ibanduliwe kila nembo, kila tepe, na kila kifungo chenye chapa ya wenyewe wa zamani. Kisha mwulize kamishna wa skauti wa wilaya yako juu ya rangi na mtindo unaokubaliwa, maana ni taabu bure kushona mashati 30 halafu ukaambiwa kaki yako imezidi ukijani.

Baada ya hapo zifue. Mafundi wengi huiruka hatua hii kwa haraka ya kazi, na mimi mwenyewe niliiruka mara ya kwanza. Pamba iliyokaa bohari ina wanga na ina nafasi ya kurudi. Ukiipunguza kwa kipimo cha leo, na mama akaifua kesho kwa maji ya moto, utakuwa umempunguzia mtoto mara mbili. Iloweke usiku mmoja, ifue, ianike kivulini ikiwa imegeuzwa ndani nje, ipigwe pasi, ndipo uitandaze mezani. Na unapozipanga, zichague kwa kukolea kwa rangi zake vilevile kama unavyozichagua kwa ukubwa, maana nguo iliyopauka itakusumbua katika jambo la mifuko, kama nitakavyoeleza.

Sasa kipimo. Mtoto asipimwe akiwa amesimama kama mlingoti. Mpime bega kwa bega kwa nyuma, kutoka mfupa hata mfupa, kisha mwambie ainue mikono juu kana kwamba anaparamia mnazi, mwambie achuchumae, mwambie apige goti moja kama afungaye fundo la kamba ya hema, nawe ukitazama ni wapi nguo inapanda na wapi inabana. Vazi hili ni la kazi. Shati linalopendeza kwenye picha lakini likachomoka kiunoni kila mtoto anapoinua mkono ni shati lililoshindwa.

Kosa la karibu kila mtu, nalo ndilo lililonifanya niandike makala haya, ni kuanzia ubavuni. Fundi hulitazama shati, huona limempwaya mtoto tumboni, basi hushika mshono wa ubavu huku na huku, akaupunguza inchi 2, akakata pindo na mikono, akasema tayari. Ukimvisha mtoto utaona kiwiliwili kimekaa, ilhali mabega yameanguka hata katikati ya mikono, na mtoto anaonekana kama aliyeazimwa kiwiliwili kimoja na mabega ya mtu mwingine. Bega ndilo mlango wa shati. Likikaa sawa, upana wa ubavu husameheka, na likikosa kukaa, hapana cha kuliokoa. Kwa hiyo fumua mkono wa shati wote, uuweke kando, kisha twaa shati la mtoto huyo huyo linalomkaa vizuri, ulikunje katikati, ulitandaze juu ya lile kubwa lililokunjwa vivyo hivyo, ukosi juu ya ukosi, ufuate ukingo wake kwa chaki. Hiyo ndiyo ramani yako. Uiongezee nusu inchi ya mshono, na unyooshe uzi wa kitambaa usiende mshazari.

Hapo ndipo utakapokutana na mfuko, na watu wengi hawaitambui hesabu yake mpaka wamekwisha kukata. Shati la mtu mzima lenye mabega ya inchi 18 lina mfuko wa kifuani wenye upana wa inchi 5 na nusu, ulioanza kiasi cha inchi 2 kutoka katikati ya kifua, kwa hiyo unaishia inchi 7 na nusu. Mtoto wa miaka 11 aweza kuwa na mabega ya inchi 14, yaani inchi 7 kila upande. Mfuko umekwisha kuingia ndani ya mshono wa mkono kabla hujashika sindano! Shati la kwanza nililolipunguza lilikuwa hivyo: mifuko iliingia kwapani, na mtoto alipotaka kutoa filimbi yake ilimbidi ajipekue ubavuni kama ajikunaye. Basi mfuko ufumuliwe kabla ya kazi yote. Upunguze uwe wa inchi 4 na nusu kwa kukunja pande zake ndani, ufupishe kwa chini, na uupandishe kidogo, kwa kuwa mfuko wa mtu mzima uliobaki mahali pake utamkalia mtoto juu ya mbavu za chini.

Na hapa rangi inasema. Kitambaa kilichojificha chini ya mfuko kwa miaka hakikupauka, kwa hiyo ukiuhamisha utabaki mraba wa rangi iliyokolea, nao utaonekana kutoka ng'ambo ya uwanja. Dawa yake ni kuuweka mfuko mpya mahali utakapofunika sehemu kubwa ya mraba ule, hata kama ni chini kidogo kuliko ulivyotaka, au kuzitenga nguo zilizopauka sana ziwe za watoto wakubwa ambao mifuko yao haihitaji kuhama. Matundu ya sindano ya zamani hayana neno. Yatie maji, yasugue kwa ukucha, yapige pasi, yatajifunga.

Baada ya mfuko na bega ndipo hufuata kwapa, na kwa mambo yote ya shati hili naona hili ndilo lenye maarifa. Tundu la mkono katika shati la mtu mzima linashuka mbali. Ukipunguza upana wa bega bila kulipandisha tundu, mtoto akiinua mkono shati lote litapanda pamoja nao, kwa kuwa kwapa la nguo liko chini ya kwapa la mwili kwa inchi 2 au 3. Wala huwezi kulipandisha kwa kukata, maana hapana kitambaa cha kuongeza pale. Ingekubidi ushushe bega lote kwa juu, ufumue ukosi, na kuanza shati upya. Niliyahangaikia haya kwa muda wa miezi, hata siku moja nikaketi barazani kwa mzee mmoja, fundi wa kanzu, nikamwonyesha shati langu na aibu yangu. Aliligeuza, akalitazama kwapa, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, kanzu haina umbo la mtu, wala haijapata kumbana mtu mkono. Kwa nini? Kikwapa."

Akatwaa kitambaa kilichobaki kwenye mguu wa suruali, akakata kipande cha mraba cha inchi 3 na nusu kila upande, akafumua makutano ya mshono wa ubavu na mshono wa mkono kwa kiasi cha inchi 3 huku na inchi 3 huku, akakitia kile kipande kikiwa kimesimama kwa pembe, pembe moja ikielekea ubavuni na ya pili ikielekea mkononi, akakipiga bandi kwanza kwa mkono, ndipo akakipitisha cherehani. Alifanya haya kwa kiasi cha robo saa, akizungumza mambo mengine kabisa. Mtoto aliinua mikono yote miwili, na pindo la shati halikusogea ila kwa upana wa kidole. Hekima hii imelala katika mabaraza ya pwani yote, Lamu, Mombasa, Unguja, nasi tunaihangaikia kana kwamba ni elimu ya mbali. Ewe kijana uliyejifunzia suruali na mashati tu, nenda ukamwamkie fundi wa kanzu wa mtaa wenu.

Kikwapa hakiponyi kila shati. Tafauti ya kifua ikiwa ni inchi 4 hata 6, fanya kama nilivyoeleza. Ikizidi hapo, usilipunguze. Lifumue lote, badani ya nyuma, badani za mbele, mikono, ukosi, ulifanye kitambaa, kisha ukate shati jipya la mtoto. Ni kazi ndefu kwa kuwa mishono ya nguo hizi imekunjwa na kupigwa mara mbili, na kufumua shati moja huchukua saa nzima, lakini saa hiyo ni fupi kuliko muda utakaoutumia kulirekebisha shati lisilorekebishika.

Mikono na ukosi nitavipita kwa haraka. Ikiwa kundi lenu linavaa mikono mifupi, kata juu ya kiwiko na upinde inchi 1 na nusu. Ikiwa ni mirefu, usiipunguze kwa kukata penye vifungo vya mkononi, bali punguza kwa juu, begani, ndipo ule ufunguzi wa mkononi ubaki mzima. Ukosi uliozidi inchi 1 husahihishwa kwa kuhamisha kifungo, na skafu itaificha tafauti hiyo. Ukizidi zaidi, ufumue, ukate katikati kwa nyuma, uunganishe tena. Mshono ule nao utalala chini ya skafu. Vile vikanda vya mabegani vifupishwe kwa upande wa mshono wa mkono, visitokeze nje ya bega.

Suruali ina desturi yake. Kiuno kikizidi inchi 2, fumua mshono wa nyuma, upunguze hapo, na jambo limekwisha. Lakini ukichukua suruali ya kiuno cha inchi 34 ukataka kumvisha mtoto wa inchi 24, ukiendelea kuivuta nyuma utaona mifuko miwili ya matakoni imekutana kama macho ya samaki chuchunge, na zaidi ya hayo kina cha suruali, yaani kutoka kiunoni hata panapogawanyika miguu, kitakuwa kirefu, mtoto atembee na kitambaa kinachomgonga magoti. Nimewaona viongozi waliotumia mkanda kuikusanya suruali kama mdomo wa kikapu, na nawasihi waache.

Njia iliyo bora kwa watoto wa miaka 9 au 10 ni kuitupilia mbali sehemu ya juu, na kukata kaptura kutoka mapajani. Kata miguu yote miwili chini kidogo ya pale inapogawanyika. Fumua mifuko ya ubavuni kama ipo. Kisha fungua kila mguu kwa mshono wa ndani, uutandaze: utapata kipande kipana, chenye mshono wa nje katikati yake, upana wa inchi 24 au zaidi kwa juu, nao mshono huo uache vilevile uwe ubavu wa kaptura. Weka kaptura ya mtoto juu yake, ikiwa imekunjwa mguu juu ya mguu, uchore kwa chaki mviringo wa mbele na wa nyuma, huku ukikumbuka kwamba wa nyuma unaingia ndani zaidi. Kiuno kitatoka katika mabaki ya chini ya mguu, na ndani yake utie mpira kwa nyuma tu, mbele paachwe laini. Vishikio vya mkanda vihamishwe kutoka suruali ya zamani, vitano vinatosha. Kaptura niliyomshonea mtoto wa Ngamiani ilitoka katika suruali ambayo watu watatu walikuwa wameikataa.

Katika cherehani tumia sindano nambari 16 kwa marudufu na nambari 14 kwa kitambaa chepesi cha shati, mishono kama 10 kwa kila inchi. Unapofika penye mikunjo minne ya kitambaa usikanyage kwa nguvu. Zungusha gurudumu kwa mkono, ama sivyo sindano itakatika. Nembo na beji zishonwe mwisho kabisa, tena kwa mkono, maana zitahama.

Zitahama kwa sababu mtoto anakua, na hili ni jambo la kulifikiri tangu chaki ya kwanza. Mvulana akiingia katika miaka ya kubaleghe aweza kurefuka sentimeta 9 kwa mwaka, nayo ni kama inchi 3 na nusu. Msichana hupungukiwa kidogo na kiasi hicho, ila humtangulia, aghalabu kwa miaka miwili, kwa hiyo usishangae dada akirudi kwako kabla ya kaka yake. Basi pindo la kaptura liwe la inchi 2 na nusu, lishonwe kwa mkono kwa uzi mmoja, ili lifumuliwe kwa dakika chache. Mshono wa nyuma wa kaptura uachiwe inchi 1 kila upande. Katika shati, acha inchi 1 ubavuni lakini usizidishe, maana katika joto letu kitambaa kilichokunjamana ndani humchubua mtoto ubavu, naye ataona haya kusema. Mabaki yote yafungwe katika kifurushi chenye jina la mwenye nguo. Kiraka cha mwakani sharti kitoke kwenye kitambaa kile kile, kilichofuliwa maji yale yale.

Ukilishusha pindo baada ya mwaka, utakuta mambo mawili: mkunjo wa zamani, na ukanda wa rangi iliyokolea chini yake. Kwa mkunjo, changanya vijiko viwili vya siki katika kikombe cha maji, ujaribu kwanza mahali palipofichika, kisha uuloweshe kwa kitambaa na uupige pasi ya moto kwa ndani. Kwa ule ukanda, ianike kaptura juani mara chache ikiwa imelowa, upande wa nje ukitazama jua, kinyume cha desturi niliyoitaja mwanzo, ila uifunike sehemu ya juu kwa kanga. Mtoto wa Ngamiani aliniletea ya kwake mwezi wa Aprili uliofuata, nikaishusha inchi 2, nikaitia siki, nikaianika siku tatu. Mstari haukuondoka wote. Nilipotaka kuurudia alinikataza. Anasema niuache, ndipo alipokuwa mwaka jana.